Benedeta Akumu wa Nabuyoga na Blanketi Linalosubiriwa

Baba Paroko, Katekista Emojong, wazee wa ukoo wetu na wa ukoo wa wakwe, majirani wa Nabuyoga, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi na viatu safi mkakutana na matope yetu: poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja.

Mimi ni Awor Goreti, binti wa Ochwo, kaka wa marehemu. Ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kenya. Wasifu huu ulipaswa kusomwa na Nabwire, mtoto pekee wa marehemu, lakini aliniambia, "Awor, soma wewe. Mimi nikifika kwa jina la baba nitalia, na kuna watu pale sitaki waone nikilia." Nikakubali. Tumeuandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa tumekaa Jopadhola, Wasamia, Wateso na watu wa sokoni, na hii ndiyo lugha ambayo sote tunaikosea sawasawa. Katekista aliupitia akaniomba nipunguze ukali. Nimepunguza. Huu mtakaousikia ndio uliobaki.

Neno moja kabla sijaanza. Katika ratiba mliyoishika, chini ya wasifu, pameandikwa "Kukabidhi blanketi". Tangu Jumapili watu wananiuliza blanketi la Mzee Patroba liko wapi. Yeye mwenyewe, shemeji wa marehemu, amekaa pale mstari wa mbele na koti la kijivu, na amekwisha kutuma watu kuniuliza. Mzee, tulia. Nitalifikia mahali pake.

Benedeta Akumu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 hapa Nabuyoga, wilaya ya Tororo, katika nyumba iliyosimama pale palipo na mihogo sasa. Alikuwa mtoto wa nne na binti wa kwanza wa marehemu Zakayo Owere na marehemu Perusi Nyaketcho. Baba yangu anasimulia kwamba alipokuwa mtoto bado, siku moja kanisani, aliketi nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa amempokonya ndizi wiki iliyotangulia. Nyuma ya sweta la mzee kulikuwa na uzi umening'inia. Benedeta akaushika, akauvuta taratibu, huku akiimba na wenzake na macho ameyaelekeza altareni. Misa ilipokwisha, sweta la mzee lilikuwa limefika mbavuni na mapajani mwa Benedeta kulikuwa na donge la uzi. Alichapwa. Baba yangu anasema alichapwa huku amelikumbatia lile donge, na halikuonekana tena mpaka lilipogeuka kofia. Nawasimulia hili ili mjue mapema tunamzika mtu wa namna gani. Hakuwa mtu wa kelele, lakini hakuwa mtu wa kusahau.

Alianza masomo mwaka 1966 katika shule ya misheni, akafika darasa la sita. Huko sista mmoja aliwafundisha wasichana kufuma kwa fremu ndogo ya mbao iliyopigwa misumari huku na huku. Benedeta alijifunza kwamba kuna nyuzi zinazokazwa na kutulia, nazo ni mtande, na kuna uzi unaosafiri kati yao kwenda na kurudi, nao ni mshindio, na kwamba ukiujua mtande wako mengine yatakuja yenyewe. Mwaka 1972 mama yake aliugua, na binti wa kwanza akaitwa nyumbani kupika. Aliondoka na rula moja ya mbao ya darasani, ambayo aliichonga ncha zote mbili ikawa chombo cha kupitishia mshindio. Alifumia rula hiyo mpaka mwaka huu. Kama shule inaidai, Nabwire anajua iliko, lakini siwashauri mwende kumuuliza leo.

Mwaka 1981 aliolewa na Ojiambo, mtoto wa Odwori, kutoka Tiira, wilaya ya Busia, na ndoa ikabarikiwa kanisani tarehe 18 Oktoba 1986. Ojiambo alikuwa mmoja wa wale vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka forodha moja hadi nyingine pale Busia, na wawili hawa walipanga chumba mjini ili awe karibu na kazi yake. Zawadi yake kwa mke ilikuwa kitanda cha mvule alichokichonga kwa mikono yake. Kilikuwa kitanda kizuri, kizito, mbao za kichwani na miguuni nene na zimenyooka. Watu walikuja kukitazama. Bibi harusi naye alikitazama kwa muda, halafu akaomba nyundo.

"Nyundo ya nini?" Ojiambo akauliza.

"Nipige misumari. Hizi mbao mbili zitashika mtande vizuri."

"Na sisi tutalala wapi?"

"Kwenye mkeka."

"Wageni wakiuliza?"

"Wageni wanaingia chumbani kufanya nini?"

Ojiambo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuazima nyundo. Hicho ndicho kisa ambacho shangazi alikipenda kuliko vyote, na alipokuwa akikisimulia uso wake ulikuwa unarudi kuwa wa msichana. Waling'oa miguu ya kitanda wakaiweka nyuma ya mlango, wakakisimamisha ukutani, wakapiga misumari juu na chini. Ojiambo akaleta mipira ya tyubu ya baiskeli ya kukazia nyuzi, na spoki za magurudumu, ambazo alizinyoosha na kuzipanga kwenye kipande cha mti zikawa kitana cha kushindilia. Kamba za magunia zikawa za kuinulia nyuzi. Ukiondoa misumari, hakuna kitu katika mtambo ule kilichonunuliwa dukani.

Nyuzi zilitoka kwenye masweta ya mitumba. Mama Madina, yule pale upande wa wanawake mwenye mtandio mweusi, alikuwa na meza ya mitumba Busia, na yale masweta yaliyotobolewa na panya, yenye madoa, yaliyokosa mkono, alimwekea Benedeta. Juzi alinikumbusha walivyokuwa wakiongea. "Benedeta, leo nakuwekea moja nyekundu, mzuri sana, imetoboka tu kidogo hapa kwa tumbo." Na shangazi hakutazama tumbo. Aligeuza sweta nje ndani akatazama mshono wa ubavuni. Sweta lililokatwa kwa mkasi likashonwa hutoa vipande vifupi visivyofaa kitu. Lililofumwa kwa umbo lake hufumuka uzi mmoja mrefu kutoka bega hadi pindo. Akishalifumua, aliosha uzi, akauning'iniza na chupa ya maji chini yake ili unyooke. Kwa kazi hiyo alimlea Nabwire, aliyezaliwa mwaka 1984, na nusu ya watoto wachanga wa mtaa ule walitoka nje mara ya kwanza wamefungwa kazi yake.

Tarehe 11 Novemba 2003 Ojiambo alifariki. Alikuwa ameiacha baiskeli kwa muda akaenda kuchimba dhahabu kwao Tiira, na baada ya mvua shimo likamfunika. Alizikwa haraka, ndani ya shuka la dukani ambalo bado lilikuwa na alama za mikunjo. Jambo hilo lilimuuma shangazi yangu kuliko ninavyoweza kueleza. Mume wa mfumaji kwenda na shuka jembamba namna ile, kama mtu asiye na mke! Akaamua kwamba siku ya kumaliza matanga atatandika blanketi juu ya kaburi lake. Alifumua masweta ya Ojiambo, akafumua la kwake mwenyewe, na la Nabwire la shule, akayafuma pamoja kwenye ule mtambo wa mvule. Alifuma akiwa na nguo nyeusi za ujane.

Sasa tumefika kwa Mzee Patroba.

Mzee Patroba ni mdogo wa Ojiambo. Kwanza alikuja kusema kwamba yuko tayari kumrithi mjane. Benedeta alimjibu mbele ya wazee, "Mulamwa, mimi nilimpenda Ojiambo kwa sababu hakuwa wewe." Mulamwa ndiyo shemeji kwa watu wa kwao. Wapo waliokuwapo ambao bado wanacheka, na mmoja anacheka sasa hivi, namwona. Mzee Patroba hakucheka wakati ule. Jumamosi tarehe 17 Januari 2004 alifika chumbani Busia na vijana wawili na mkokoteni. Nabwire alikuwapo, na haya ndiyo aliyoyasikia.

"Nakuja kuchukua kitanda ya ndugu yangu."

"Hii si kitanda tena, mulamwa. Hii ni kazi."

"Miguu yake iko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Basi ni kitanda. Na kitanda ya marehemu haiwezi baki na bibi mwenye amekataa nyumba ya ukoo."

"Sawa, utachukua. Lakini hii kitu iko juu yake ni ya Ojiambo, ya kumaliza matanga. Imebaki kidogo tu. Wacha nimalize, nitoe mwenyewe, halafu uchukue mbao zako."

"Mkokoteni ni ya kukodi. Haingoji."

Akachomoa panga, akakata mtande katikati.

Labda kuna watu hapa wasiojua maana yake. Nguo ikiwa mtamboni, nyuzi zake zote zimekazwa. Ukitaka kuitoa, unaikata mwishoni kabisa, unafunga vifundo, inashika. Ukikata katikati, umeiua. Hakuna fundi wa kuirudisha. Ile kazi yote ilianguka sakafuni kama matumbo ya mbuzi, wakaikanyaga wakibeba mbao. Nabwire anasema mama yake hakulia wala hakutukana. Aliokota vipande vyote, akamtazama shemeji yake machoni, akasema, "Sawa." Sisi tuliolelewa naye tunaijua ile sawa yake. Ni heri akutukane.

Matanga ya Ojiambo yalimalizwa juu ya kaburi lisilo na blanketi.

Kitanda kilikwenda Tiira. Mzee Patroba aling'oa misumari kwa koleo, akarudisha miguu, akalala. Lakini misumari iling'oka ikaacha mashimo, safu nzima kichwani na safu nzima miguuni, na kunguni wa Tiira hawakuwahi kujengewa nyumba nzuri kama ile. Habari hizi hatukuzizua, tulizipata kwa watu wa nyumbani kwake. Alikimwagia mafuta ya taa, alikianika juani, alikichoma na makaa, akakirudia kukilalia, kwa sababu kukitupa kungekuwa kukiri. Shangazi alipopelekewa habari aliacha kazi akafuta mikono. "Hao ni wangu," akasema. "Nimewaacha zamu." Mungu anisamehe, na mimi nilifurahi, na nikikumbuka nafurahi tena.

Benedeta alirudi hapa Nabuyoga kwa kaka yake, na baba yangu akampa upande wa nyumba. Mtambo wa pili aliutengeneza kwa fremu ya mlango wa jiko lililobomoka. Safari hii hakuwa na tyubu za baiskeli, wala mwenye baiskeli, basi alining'iniza chupa za plastiki zilizojazwa mchanga zikaze nyuzi. Na hapo ndipo alipoanza kazi ambayo nyote mnamjua kwayo, mablanketi ya safari ya mwisho. Alikuwa na sharti moja tu. Hakufuma kwa masweta ya sokoni. Ilibidi nyumba yenyewe ilete nguo zake: sweta la shule la mtoto aliyekua, la bibi, la yule aliyekwenda Kampala akaacha moja nyuma ya mlango. Alizifumua zote akazifuma kuwa kitu kimoja, ili anayekwenda aende amekumbatiwa na watu wake. Mama yake Katekista Emojong alilazwa ndani ya moja. Kutoka Mulanda mpaka ng'ambo ya mpaka, wengi mliokaa hapa mmeshamzika mtu ndani ya kazi ya mikono yake. Ikafika mahali mzee asipokuwa na blanketi la Benedeta lililokunjwa sandukuni, wenzake wanamuuliza kama watoto wake wako hai.

Ndiyo maana mwaka 2022, mwezi wa Machi, Mzee Patroba alikuja hapa na mfuko.

Mke wake alikuwa amefariki mwaka 2019 na kuzikwa na blanketi la dukani, na yeye mwenyewe alianza kuumwa magoti. Wenzake wote wa rika lake pale Tiira walikuwa na mablanketi tayari. Mfukoni kulikuwa na masweta yake, ya watoto wake, na lile jekundu la marehemu mkewe. Nilikuwapo siku ile, nimekuja likizo. Hata hakukaa.

"Mulamwa, mimi pia nazeeka," akasema.

Shangazi alipokea mfuko. Akatoa sweta moja moja, akageuza nje ndani, akatazama mishono. Lile jekundu alilishika zaidi.

"Sawa," akasema.

Jumapili iliyofuata Katekista alitangaza kanisani kwamba Mungu ametenda jambo Nabuyoga, kwamba mjane amekubali kumfumia blanketi mtu aliyempora. Watu walipiga makofi. Mama Madina, ambaye si wa kanisa letu, alisikia sokoni, akamwendea Nabwire akamuuliza, "Mama yako nasamehe kweli ama nachoka?" Nabwire akamjibu kwamba hajui, na kwamba mama akiwa anafuma haulizwi.

Kazi ilikwenda polepole. Kila mwezi Mzee Patroba alikuja kutoka Tiira kuulizia, na kila alipokuja alipewa kazi. Aliketishwa kwenye kigoda, akaambiwa anyooshe mikono mbele, na uzi ukazungushwa kwenye viganja vyake ili shangazi aukunje kuwa donge. Mtu akiwa amefungwa hivyo hawezi kujikuna, hawezi kufukuza nzi, hawezi kuondoka. Niliwakuta hivyo siku moja.

"Mulamwa, mikono nauma."

"Nauma wapi?"

"Hapa kwa mabega."

"Pole. Panga na uzi, nini nzito?"

Mzee akatazama nje, akasema mvua mwaka huu imechelewa.

Nataka mlielewe jambo hili, hasa ninyi mtakaoondoka hapa mkisema Awor ni mkali. Kwa miaka mitatu mtu huyu aliketi mbele ya mwanamke aliyemkosea, mikono imefungwa kwa uzi, hakuna mtu wa tatu, hakuna kazi nyingine ya kufanya. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi duniani pa kusema nimekosa. Neno hilo si refu. Alizungumzia mvua, akazungumzia dhahabu ya Tiira, akazungumzia magoti yake kwa kirefu sana. Mke wake, ambaye hakushika panga, alikuwa amekwisha kuja peke yake kabla hajafa, kwa miguu, kuomba msamaha kwa niaba ya aliyelishika. Shangazi alimpikia, wakalia pamoja, yakaisha. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba alikuwa mtu asiyejua kusamehe. Alijua. Alisubiri aombwe.

Tarehe 9 Februari 2024 marehemu alipata kiharusi. Alilazwa Tororo, akarudi nyumbani akiwa anaongea vizuri lakini mkono wa kushoto umekufa. Tulidhani kazi imekwisha. Wiki chache baadaye alimwita Nabwire, akamwambia aketi upande wa kushoto awe mkono wake. Walifuma hivyo mwaka mzima, mama akipitisha rula, binti akiipokea na kuirudisha. Katekista alikuja kumwombea, akamkuta katika hali hiyo, akatoka nje akifuta machozi, akasema hajawahi kuona upendo kama ule. Alichokiona kilikuwa bidii, na bidii haisemi imetumwa na nani.

Hapa kurasa mlizochapishiwa zinaishia. Inayofuata niliiandika jana kwa mkono, na Katekista hajaiona. Katekista, samahani, na usisimame.

Blanketi lilikamilika Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, tarehe 21 Aprili 2025. Shangazi alilikata mwenyewe kutoka mtamboni, mahali panapokatwa, akafunga vifundo kwa mkono mmoja na meno. Lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kufuma, la kijivu na buluu, na jekundu la mke wa Patroba limepita katikati. Akatuma Mzee Patroba aitwe. Tulikuwapo mimi, Nabwire na baba yangu. Mzee aliingia, akalishika, akalinusa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu kama mtu. Alilitambua lile jekundu. Akalipapasa.

Shangazi akasema, "Mulamwa, kuna neno unataka kuniambia kabla sijakupa?"

Baba yangu alikuwa ameushika mlango, hausogei. Nakiri kwamba dakika ile nilimtakia mzee huyu mema. Nilitaka aseme. Nabwire naye alitaka, midomo yake ilikuwa inatikisika kama anayemnong'oneza mtoto jibu.

Mzee Patroba alifikiri. Akageuza blanketi, akatazama ukingoni.

"Hii pindo ya huku imelegea kidogo," akasema.

Shangazi hata hakukasirika. Uso wake ulitulia, kama wa mtu aliyekuwa akisubiri gari akaambiwa halitakuja, sasa anaweza kwenda zake.

"Sawa," akasema. "Iache hapa. Nitaitengeneza."

Benedeta Akumu alifariki nyumbani hapa alfajiri ya Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, baada ya kiharusi cha pili, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Wapo waliouliza kwa nini mke wa mtu anazikwa kwa kaka yake na si Tiira kando ya mume wake. Aliulizwa akiwa hai, akajibu kwamba Ojiambo atamkuta bila kuelekezwa, na kwamba hawezi kulala mahali ambapo jirani yake wa baadaye ni Patroba.

Alituagiza mambo matatu, mimi na Nabwire. Kwamba mtambo usivunjwe. Kwamba Mama Madina akae karibu na familia, si nyuma na wageni. Na la tatu nalisema kwa maneno yake mwenyewe: "Mume wangu alienda na shuka ya duka. Patroba amelalia kitanda yangu miaka ishirini. Mimi nitajifunika blanketi yake."

Kwa hiyo ile sehemu ya ratiba ifutwe. Hakuna blanketi la kukabidhi. Tulimwosha, tukamvika, tukamzungushia blanketi lile kuanzia mabegani mpaka nyayoni, kijivu na buluu, na jekundu la yule mama aliyekuja kwa miguu likamwangukia kifuani. Juu tuliweka shuka jeupe, ndiyo maana mlipopita kumuaga hamkuona kitu. Pindo tulilikagua. Halijalegea popote. Jeneza lilipigiliwa misumari leo asubuhi, na misumari hiyo hakuna wa kuing'oa.

Mzee Patroba, keti. Najua unaniona mtoto aliyekosa adabu, na leo hilo halinisumbui. Ulikuwa na miaka kumi na minane ya kuja kusema, halafu ukapewa miaka mitatu zaidi ya kuketi kwenye kigoda, halafu ukaulizwa waziwazi mbele yetu. Nabwire anafuma. Anafuma kama mama yake. Ukitaka blanketi jingine, tafuta masweta, kama yamebaki, uje mchana watu wakiwapo, na useme lile neno kabla hujaketi. Ukilisema, atakufumia, tumekwisha kukubaliana, na hatutakudai kitu kingine. Usipolisema, watoto wako watakununulia dukani.

Marehemu ameacha binti mmoja, Nabwire. Wajukuu watatu wanaolia pale na mama yao. Kaka mmoja, Ochwo, baba yangu, aliyempa upande wa nyumba na hakumuuliza ataondoka lini. Mimi, aliyenifundisha kufumua kabla sijajua kusoma. Rafiki mmoja wa maisha, Mama Madina. Na shemeji mmoja, Mzee Patroba Odwori wa Tiira, asiye na blanketi.

Benedeta Akumu apumzike kwa amani, na kwa joto.